Kiinua Mgongo cha Bibi Pasi

Hospitalini walimwita Bibi Pasi. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye chumba cha kufulia hakuwahi kuondolewa kwenye ile mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, rola zake za moto zikizunguka kutwa nzima, mtu mmoja akiingiza shuka upande huu na mwingine akilipokea upande ule. Yeye alikuwa wa kuingiza. Kazi ya kusimama. Alisimama na mimba ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alisimama hata siku aliyopata habari ya msiba wa mama yake, kwa sababu msimamizi alimwomba amalizie kwanza mashuka ya wodi ya upasuaji, halafu ndipo aende akalie. Sasa ilikuwa imebaki miezi minne astaafu, na kila ikifika mchana miguu yake ilivimba mpaka viatu vikagoma.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini uchovu wake ulishavuka ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa uchovu wa kuamka nao, kunywa nao chai na kwenda nao kazini.

Na kilichomchosha kuliko mashuka ni nyumba.

Nyumba ilikuwa kazi ya mumewe. Alikuwa dereva wa greda, zile mashine za kuchonga barabara, na watu walimwita Greda tangu ujana. Nywele zilipoingia mvi wakamwongezea Mzee. Walipooana walinunua kiwanja, wakajenga vyumba viwili vya nyuma vya kujisitiri, kisha wakaanza nyumba kubwa mbele. Mshahara ukitoka, mifuko ya saruji. Posho ya safari ikitoka, kokoto. Bibi Pasi akipata malipo ya zamu za ziada, mbao. Wenzao walikuwa na akiba benki. Wao akiba yao ilikuwa ukutani. Watoto walikulia vyumba vya nyuma wakioga kwa zamu, wakiambiwa kila mwaka kwamba mwakani wanahamia mbele, na walipohamia kweli, kifungua mimba alikuwa ameshaota ndevu. Haikupita muda akaondoka kwenda kutafuta maisha, akafuatiwa na dada yake, kisha kitindamimba naye akapata kazi mji mwingine akafungasha.

Mzee Greda alipostaafu, kiinua mgongo chake chote kilikwenda kwenye vigae, madirisha ya vioo, na zege la kubeba ghorofa. Ghorofa yenyewe haikuinuka. Fedha ziliishia kwenye ngazi. Ukisimama barabarani ungeona nyumba nzuri ya kupendeza, juu yake nondo zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Vyumba vilikuwa vinane. Watu wawili. Kila Jumamosi, siku yake ya kupumzika, Bibi Pasi alifagia vyumba ambavyo hakuna aliyevichafua, akapangusa vumbi kwenye vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia, akafika chumba cha mwisho mgongo ukiwaka moto.

"Ungeviacha tu," Mzee Greda alimwambia siku moja, akiwa na futi kamba shingoni kama daktari na kifaa chake cha kusikilizia mapigo.

"Nikiviacha vinageuka mapango."

"Basi tutatafuta msichana wa kazi."

"Tumlipe nini? Tumpe chumba kimoja ajilipe?"

Mzee alicheka, akaelekea kwenye ngazi. Siku hizo alipanda juu mara kwa mara, akapima, akashuka, akasahau, akapanda tena. Bibi Pasi alijua anachopima. Mumewe hakuwahi kumwomba fedha zake waziwazi. Alianza kwa kusema, "Kile chako kikitoka." Baadaye ikawa, "Kikitoka tu." Mwishowe ikawa, "Mwezi wa tisa fundi anaanza," kana kwamba mwezi wa tisa ndio unaolipa mafundi.

Yeye alinyamaza. Hakuwa amekubali, ila alikuwa amechoka kubishana, na mumewe kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuuhesabu ule ukimya kuwa ndiyo.

Mwezi uliofuata hospitali iliwaitia semina wote waliokuwa wanakaribia kustaafu. Waliketi kwenye ukumbi wa mikutano, wauguzi, madereva, mpishi mmoja, walinzi wawili na watu wa kufulia. Kijana kutoka kwenye mfuko wa pensheni, shati limenyooka na tai imemkaba, aliwaeleza habari za ujasiriamali. Fugeni kuku. Limeni uyoga. Fungueni duka la rejareja. Fugeni nyuki, soko la asali ni kubwa.

Karibu na Bibi Pasi alikaa Babu Toroli, mzee aliyekuwa akisukuma matoroli ya mashuka machafu kutoka wodini. Bibi Pasi alimtazama mara mbili.

"Wewe si ulishastaafu?" alimnong'oneza.

"Miaka miwili sasa."

"Umekuja kufanya nini semina ya wanaostaafu?"

"Kuna chakula cha mchana," alisema Babu Toroli bila aibu yoyote. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa yule kijana. "Nami walinipa semina hiihii. Nikasikia kuku, nikanunua kuku. Waliugua Jumatatu, Ijumaa banda jeupe. Kilichobaki wakagawana wajomba na wapwa, kila mmoja na shida yake, na shida zenyewe za kweli, siwezi kusema walinidanganya." Akainama karibu zaidi. "Ukipata yako, usimwambie mtu imeingia lini."

"Mtaa mzima unajua," alisema Bibi Pasi.

Ulipofika wakati wa maswali, mpishi aliuliza habari za nyuki. Bibi Pasi alinyanyua mkono, akasimama kwa kushikilia kiti cha mbele.

"Mwanangu, umetutajia kazi nyingi. Mimi nimefanya kazi. Nataka kuuliza, je, ipo ambayo haihitaji magoti?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kijana naye alicheka, kisha akaona kwamba aliyeuliza hacheki. Akashika tai yake. "Swali zuri, mama. Naomba tuonane baadaye."

Bibi Pasi alidhani ni namna ya kumkwepa. Lakini watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula, kijana alimfuata na sahani yake mkononi, akaketi. Karibu naye alionekana mdogo zaidi, mtoto wa mtu aliyeamshwa mapema kuja kuwafundisha wazee.

"Mama, hayo ya kuku tumeandikiwa tuyaseme," alianza. "Sasa nikwambie ambalo ningemwambia mama yangu. Kuna hatifungani za serikali. Unaikopesha serikali fedha yako kwa miaka kadhaa. Kila baada ya miezi sita inakulipa riba. Miaka ikiisha, inakurudishia fedha yako."

"Na mimi nafanya nini?"

"Hakuna. Unaiacha."

"Naiacha tu?"

"Hapo ndipo penye ugumu, mama. Wengi hawawezi kuiacha." Alitafuna, akameza. "Haitakutajirisha, nisikudanganye. Na vitu vikipanda bei, riba yako haipandi navyo. Ila ukiichanganya na pensheni ya kila mwezi, na kama kuna kitu kingine kinachoingiza kidogo, mnaishi. Mna kitu kingine?"

"Tuna nyumba."

"Imepangishwa?"

"Tunaifagia," alisema Bibi Pasi.

Kijana alisubiri aendelee, lakini yeye alikuwa ameanza kula.

Hakumwambia mumewe siku ile, wala iliyofuata. Alitaka kwanza aone namna ya kulianza bila kugeuka vita. Akawa analipanga kichwani akiwa kazini, shuka likiingia, lingine likifuata, na kila alipolipanga lilianza na maneno "Baba watoto, sikiliza bila kukasirika," na kila mara yeye mwenyewe alijua kwamba hapo hapo mtu anakasirika.

Hakupata nafasi ya kuchagua. Jumamosi moja, akiwa uani anaanika nguo, lori lilisimama getini na kupiga honi. Lilijaa nondo na tofali, na nyuma yake gari dogo la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene mpole ambaye walikuwa wakinunua kwake tangu enzi za msingi.

"Shikamoo mama! Tushushie wapi?"

"Marahaba. Mshushe nini?"

"Mzigo wa ghorofa. Mzee hakukwambia? Amesema nilete tu, hesabu tutafanya yako ikitoka."

Yako ikitoka. Bibi Pasi alisimama na shuka lililolowa mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Majirani wawili walishakuja kwenye kibaraza chao. Mzee Greda alitokea mlangoni akifunga vifungo vya shati, uso umechangamka kama bwana harusi, akaanza kuwaelekeza vibarua, nondo huku, tofali kule, taratibu na maua ya mama.

"Msishushe," alisema Bibi Pasi.

Hakupaza sauti. Kibarua aliyekuwa ameshanyanyua tofali alibaki nalo kifuani.

"Mama watoto," alisema Mzee Greda kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya majirani, "haya tutaongea ndani."

"Ndani tutaongea. Lakini mzigo ukishashuka, maneno hayatakuwa na maana tena." Akamgeukia mwenye duka. "Kaka yangu, nisamehe kwa mafuta ya lori uliyoyachoma. Hizo fedha ni za miguu yangu. Sijaahidi mtu."

Mwenye duka alimtazama mzee, akamtazama mama, akajikuna shingo. Alikuwa ameuza vifaa miaka mingi na alishaona nyumba zikijengwa na ndoa zikibomoka kwa saruji ileile. "Hakuna ubaya, mama," alisema. "Nondo haziozi. Mkielewana mtaniita."

Lori lilirudi kinyumenyume hadi barabarani, likilia ile sauti yake ya onyo, na mtaa mzima ukasikia.

Mzee Greda hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba cha wageni, na tangu siku hiyo akawa anakula peke yake, anajibu kwa neno moja, anapita ukumbini kama mgeni katika hoteli ya mtu. Wiki ya kwanza Bibi Pasi aliumia. Wiki ya pili alikasirika. Ya tatu alikuwa amechoka hata kukasirika; akirudi kazini alivua viatu, akaweka miguu juu ya stuli, akasinzia hapohapo kwenye kiti huku chakula kikipoa.

Jumapili moja mzee alitoka na simu mkononi, akaketi ukumbini, akaiweka mezani na kufungua kipaza sauti ili kila mtu asikie. Alikuwa amewaunganisha watoto wote watatu. Alitaka wamhukumu mama yao.

Aliwaeleza yote. Lori, majirani, aibu. "Mimi sijengi kaburi langu," alisema. "Najenga vyumba vyenu. Juu kuna vyumba vitatu, kila mtu chake na choo chake. Mje na wake zenu, waume zenu, wajukuu zangu wapate pa kulala. Mama yenu anasema hapana."

Kisha kifungua mimba akakohoa.

"Baba," alisema, "mimi huku nimeshapata kiwanja. Nilitaka nikwambie nikija. Nimeanza msingi."

"Msingi?"

"Ndiyo, baba."

"Na chumba chako?"

"Chumba kipi, baba?"

Binti yao aliona afadhali aingilie kati. "Baba, mimi nikija nakaa siku mbili, nikizidisha sana tatu. Kochi linanitosha. Wala usijisumbue, baba yangu. Mwache mama apumzike."

Kitindamimba, ambaye siku zote alikuwa mahali penye kelele, hakusema kitu. Baada ya muda simu ilitoa mlio, akawa ametuma alama ya kidole gumba, na hakuna aliyejua amekubaliana na nani.

Simu ilipokatika mzee alibaki ameitazama. Halafu akainuka, akapanda ngazi kwenda juu.

Bibi Pasi alimsubiri ashuke. Aliposhindwa kusubiri naye akapanda, mguu mmoja baada ya mwingine, mkono ukutani kwa sababu ngazi haikuwa na reli. Hakuwa amefika juu tangu zege limwagwe. Mumewe alikuwa amekaa kwenye tofali, amezungukwa na nondo zilizoanza kutu, na mtaa wote ukionekana chini, mabati ya watu, matangi ya maji, nguo kwenye kamba.

Alitafuta tofali lingine akaketi.

"Unajua tulihama mara ngapi nikiwa mtoto?" aliuliza mzee bila kumtazama.

"Umeniambia."

"Sijakwambia yote. Mwenye nyumba alikuwa anakuja asubuhi, anasimama mlangoni, hasemi na baba. Anasema na sisi watoto. Anatwambia, mwambieni baba yenu ahame. Baba yuko ndani anasikia." Akakwaruza zege kwa kidole. "Mimi ndiye nilikuwa nabeba godoro kichwani. Watu wanakutazama. Nikasema wanangu hakuna mtu atakayewaambia hama."

"Na hakuna aliyewaambia."

Mzee aliendelea kukwaruza zege.

"Baba watoto, hakuna aliyewaambia. Tangu wazaliwe mpaka wameota mbawa, hakuna mtu aliyesimama mlangoni kwetu. Hiyo kazi uliimaliza. Uliimaliza zamani, hata hukujua." Akausugua mguu wake uliovimba. "Sasa unaendelea kumjengea nani?"

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja, kama mtu aliyetokwa jasho. Kisha Bibi Pasi, kwa kuwa alikuwa ameshapanda ngazi na hakutaka kuja kuzipanda tena kwa ajili ya neno lililobaki, akamwambia na la pili: kwamba kiinua mgongo chake angekiweka kwenye hatifungani, na kwamba yeye angependa nyumba ipangishwe, wao warudi vyumba vya nyuma.

"Nihame?" alisema Mzee Greda. "Mimi? Nyumba yangu mwenyewe?"

"Uani si kuhama."

"Ni kuhama. Watu watasema Greda kafilisika."

"Watasema. Halafu watachoka, watasema ya mwingine."

"Hatifungani sawa," alisema mzee mwishowe. "Hilo ni jasho lako. Lakini nyumba hapana. Nyumba sitoki."

Na hilo likabaki hapo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi walikula pamoja jioni ile.

Bibi Pasi alistaafu. Walimkatia keki kwenye chumba cha kufulia, mvuke ukaitia majimaji kabla hajaionja, msimamizi akasema maneno mazuri na kukosea idadi ya miaka. Kiinua mgongo kilipoingia, alikwenda benki na binti yake, akasaini alipoambiwa asaini, akatoka nje akiwa na karatasi moja na mkoba mwepesi. Njia nzima alikuwa na hofu. Ile fedha ilikuwa imepita mikononi mwake kama maji, hakuishika hata siku moja, na sasa ilikuwa imelala mahali asipopaona.

Jambo ambalo hakuna semina iliyomwambia ni kwamba mshahara hukatika siku ileile, lakini pensheni huja kwa wakati wake. Mwezi wa kwanza haikuja. Jalada lilikuwa bado linashughulikiwa. Wa pili, jalada lilikuwa limehamia ofisi nyingine. Waliishi kwa pensheni ya mzee peke yake, nayo ilikuwa ndogo kwa mtu mmoja. Sukari ikapungua, kisha nyama ikawa ya Jumapili, kisha Jumapili nayo ikawa kama siku nyingine. Riba ya kwanza ilikuwa bado mbali. Zaidi ya mara moja Bibi Pasi aliamka alfajiri, akakaa ukingoni mwa kitanda akijiuliza kama hakufanya upumbavu, kama tofali angalau mtu huliona.

Hakumwambia mumewe. Mumewe naye hakumcheka. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba alikuwa na kila nafasi ya kusema si nilikwambia, na hakulisema.

Jioni moja umeme wa kulipia ulikwisha. Waliketi ukumbini na taa ya simu, mwanga ukiishia kwenye meza, vyumba vinane vimewazunguka gizani. Mzee Greda alikuwa ametazama mlango wa korido kwa muda mrefu.

"Tumejenga kubwa," alisema.

Bibi Pasi aliisogeza simu ili mwanga umfikie.

"Kesho nitamtafuta dalali," alisema mzee. "Aje aangalie tu. Kuangalia si kupangisha."

Dalali alikuja na viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Alipita chumba kwa chumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, na kila alipogonga aliguna kwa kuridhika. "Lipu ya namna hii siku hizi haipo, mzee. Na milango! Hii mbao umeitoa wapi? Nyumba za siku hizi ukipiga chafya dirisha linadondoka." Mzee Greda, aliyekuwa ameanza ziara hiyo kwa uso wa mgonjwa, alijikuta akimweleza habari za mbao, na msingi ulivyochimbwa kwa kina, na jinsi alivyomfukuza fundi wa kwanza kwa kuiba saruji. Walipomaliza ilikuwa saa moja imepita na dalali alikuwa amekunywa chai vikombe viwili.

"Ninao watu," alisema dalali. "Mwalimu wa hesabu, mkewe, watoto wanne na mama mkwe. Wamebanana huko waliko mpaka mama mkwe analala sebuleni. Hawa watakulipa miezi sita mbele."

"Ni watu watulivu?" aliuliza mzee.

"Watoto wanne, mzee. Nitakudanganyaje?"

Bibi Pasi alicheka, na akashangaa kusikia kicheko chake.

Kuhama kulichukua siku moja, ingawa ilikuwa ni kuvuka uani tu. Mzee Greda alibeba vitu vyake mwenyewe, akikataa msaada, na kila alipotoka na mzigo alitazama mbele, asiangalie upande wa kibaraza cha majirani. Kitanda kikubwa cha mbao ngumu kiligoma kupita mlangoni. Fundi alikitengenezea mle mle chumbani miaka ile, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna siku kitatakiwa kutoka. Walikizungusha, wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, mwisho mzee akakaa juu yake akihema.

"Mwachie mwalimu," alisema Bibi Pasi.

"Nimwachie kitanda changu, mke wa mtu akilalie?"

"Basi mwachie mama mkwe."

Wakamwachia mama mkwe. Wao wakalala kwenye kile chembamba cha zamani, ambacho ukigeuka bila kuagana unamwangusha mwenzio. Usiku wa kwanza mzee hakulala. Mkewe alimsikia akisikiliza nyumba yake, mlango ukifungwa, maji yakimwagwa, mtoto akikimbia kwenye vigae na kukaripiwa.

Pensheni ilianza kuja. Riba nayo ikaja wakati wake, kidogo kama yule kijana alivyosema, lakini ilikuja yenyewe bila mtu kuisimamia. Kodi ya mwalimu ililipa deni la duka lililowakopesha unga miezi ile ya kungoja, ikalipa kliniki ambako Bibi Pasi aliambiwa mishipa ya miguu yake haitarudi ilivyokuwa, ila akipumzika haitazidi. Alipumzika. Alidhani kupumzika kungekuwa na furaha zaidi. Asubuhi nyingi alikaa tu mlangoni, mikono mapajani, bila hamu ya jambo lolote, akishangaa mwili ulivyokuwa mzito sasa ambapo hakuna anayeudai. Mzee Greda alikaa upande wake, macho yakiwa kwenye madirisha ya mbele. Watu walisema Greda kafilisika. Kisha, kama alivyotabiri mkewe, walichoka, wakahamia kwa mwingine, ingawa mzee aliendelea kuyasikia muda mrefu baada ya wao kuyaacha.

Alasiri moja mtoto mdogo wa mwalimu alivuka uani mbio, nguo zimelowa kifuani. "Babu, baba anasema uje, bomba la jikoni linarusha maji hadi juu!"

Mzee Greda aliinuka kabla mtoto hajamaliza. Alivuta boksi lake la vifaa chini ya kitanda, akachagua spana, akairudisha, akachagua nyingine, akaondoka kwa mwendo ambao mkewe hakuwa ameuona tangu aache greda. Bibi Pasi alisikia sauti yake ikitoka jikoni kwa watu, ikiamuru koki kuu ifungwe, ikiuliza ni nani aliyelikaza hili kwa nguvu namna hii, ikimwambia mwalimu ashike hapa, si hapo, hapa.

Alikaa huko mpaka jua likapungua. Aliporudi alikuwa amelowa hadi magotini na alikuwa ameshaanza kusimulia kabla hajafika mlangoni.

"Yule mwalimu ni mtu safi, lakini bomba halijui kabisa. Nimemwonyesha. Nimemwambia, mabomba ya nyumba hii niliyapitisha mimi, na yanapita ukutani kwa kukata kona, ukipigilia msumari ovyo umejitafutia mto. Mama mkwe ananiambia hajawahi kulalia kitanda kizuri kama kile. Na wale watoto wamechora ukuta, nimewaambia nitaleta chokaa Jumamosi tupake pamoja, maana wenye kuchora ndio wenye kupaka. Halafu nimeona na ile beseni ya kunawia..."

Alivua viatu vilivyolowa, akavipanga juani, akaendelea na beseni, jinsi ilivyolegea, na aina ya skrubu itakayofaa. Alipogeuka kumuuliza mkewe kama bado kuna skrubu kwenye kopo, Bibi Pasi alikuwa amelala pale pale kwenye kiti, kichwa kimeegemea fremu ya mlango, mdomo wazi kidogo, miguu yake miwili juu ya stuli.

Mzee aliketi chini karibu naye na kumalizia ile habari ya beseni kwa sauti ndogo.